Barafu ya Ncha za Dunia Ikiyeyuka, Inatuhusu Nini?



Katika mikutano ya vikundi siku hizi kuna swali ambalo limerudi mara nyingi. Watu wanasema: "Redio inatangaza kwamba barafu ya huko mwisho wa dunia inayeyuka. Hiyo maneno inatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi na maharagwe?" Wengine wamesikia kwamba Mombasa itamezwa na bahari mwaka ujao. Wengine nao wanasema hiyo ni hadithi ya wageni ya kuombea pesa. Yote mawili si kweli, na kikundi kikiyaamini kitapotea njia. Wa kwanza watakata tamaa bure, na wa pili hawatajiandaa.

Kwa hivyo tumeona heri tulieleze jambo hili hatua kwa hatua. Si lazima mtu awe amesoma sana. Ukiwa na gilasi mbili, jiwe na vipande vichache vya barafu, unaweza kuelewa sehemu kubwa ya habari hii na kuwaeleza wenzako.

HIYO BARAFU IKO WAPI?

Sisi tunakaa katikati ya dunia. Mstari wa ikweta unapita hapa kwetu, karibu na Nanyuki na Maseno, na saa sita mchana jua liko utosini. Ukienda kaskazini kabisa au kusini kabisa unafika kwenye ncha za dunia. Huko jua halipandi juu. Hata mchana liko chini kama la kwetu la jioni, na kuna miezi ambayo halichomozi kabisa. Baridi yake si mchezo. Mwezi wa Julai 1983, katika kituo cha utafiti cha Vostok huko upande wa kusini, kipimo kilionyesha nyuzi 89 chini ya sifuri. Maji huanza kuganda kwenye sifuri, kwa hivyo unaweza kupima mwenyewe hiyo ni baridi ya namna gani.

Lakini ncha hizi mbili hazifanani. Hapa tunaomba msomaji awe makini, kwa sababu habari yote inategemea tofauti hiyo.

Kaskazini kabisa ni bahari, inaitwa Aktiki. Maji ya juu ya bahari hiyo yameganda yakawa barafu ya unene wa mita chache, na barafu hiyo inaelea. Karibu na hapo kuna kisiwa kikubwa kinachoitwa Greenland, ambacho kiko chini ya Denmark na kina watu wasiofika 60,000. Barafu ya Greenland haielei. Imekaa juu ya nchi kavu, eneo lake ni karibu mara tatu ya Kenya yote, na mahali pengine kina chake kinafika kilomita 3.

Kusini hakuna bahari katikati. Kuna bara zima, Antaktika, ambalo ukubwa wake ni kama Kenya mara 24. Huko hakuna kijiji wala shamba, ni watafiti tu wanaokwenda na kurudi. Kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1959, bara hilo limewekwa kwa ajili ya amani na utafiti. Karibu lote limefunikwa na barafu, na kwa wastani ukichimba utashuka kama kilomita 2 kabla ya kugusa mwamba. Barafu hiyo ilitokana na theluji iliyoanguka mwaka baada ya mwaka, ikakandamizwa na ile iliyokuja juu yake, kwa maelfu na maelfu ya miaka.

Hata sisi tuna barafu kidogo juu ya Mlima Kenya, na majirani zetu Watanzania wanayo Kilimanjaro. Hiyo nayo inakwisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007, Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Lakini barafu ya milima yetu ni kidogo sana. Hata ikiisha yote, bahari haitajua, na mito yetu hutegemea zaidi mvua na misitu. Barafu yenye uwezo wa kubadilisha bahari ni ile ya Greenland na Antaktika.

JARIBIO LA GILASI MBILI

Hebu kikundi kifanye hivi siku ya mkutano. Mjumbe mmoja anunue barafu kwa duka lenye friji. Tafuteni gilasi mbili zinazofanana.

Gilasi ya kwanza: Tia maji nusu, halafu weka vipande vitatu vya barafu vielee. Chora alama pale maji yalipofika.

Gilasi ya pili: Weka jiwe, kisha tia maji mpaka jiwe litokeze kichwa juu. Chora alama pale maji yalipofika. Sasa weka vipande vitatu vya barafu juu ya jiwe, visiguse maji.

Ziwekeni kivulini na muendelee na ajenda nyingine. Barafu ikiisha yote, tazameni alama zenu.

Katika gilasi ya kwanza mtaona maji yamebaki pale pale. Katika gilasi ya pili yamepanda. Kwa nini? Barafu inayoelea ni kama abiria aliyekwisha kuketi ndani ya matatu. Akivua koti au asivue, nafasi yake ameshaichukua. Barafu iliyo juu ya jiwe ni abiria mpya anayeingia wakati gari limeshajaa, na lazima watu wasogee.

Basi gilasi ya kwanza ndiyo bahari ya Aktiki, na ya pili ndiyo Greenland na Antaktika. Mtu akikuambia kwamba barafu imeyeyuka, muulize kwanza: ilikuwa inaelea, ama ilikuwa juu ya nchi kavu?

Kuna jambo la tatu ambalo halihitaji barafu. Chukua sufuria ya maji baridi iliyojaa mpaka ukingoni, uiweke motoni. Kabla hata haijachemka, maji yataanza kumwagika. Hujaongeza hata tone. Maji yakipata joto huongezeka ukubwa. Bahari nayo inapata joto, kwa hivyo inapanda hata bila ya barafu. Mambo haya mawili, barafu ya nchi kavu na joto la maji yenyewe, ndiyo yanayoinua bahari siku hizi.

IMEYEYUKA KIASI GANI?

Siku hizi watu hawakisii tu. Kuna setilaiti zinazozunguka dunia na kupima urefu wa bahari na uzito wa barafu. Kati ya mwaka 1992 na 2020, Greenland na Antaktika pamoja zilipoteza barafu ya tani bilioni 7,560. Hesabu hiyo ni kubwa mpaka haina maana kwa mtu wa kawaida, kwa hivyo tuiweke hivi: ni kama maji yote ya Ziwa Victoria, kutoka Kisumu mpaka Mwanza na mpaka Entebbe, mara tatu hivi.

Na maji hayo yote yaliinua bahari za dunia kwa milimita 21 tu, upana wa kidole gumba. Msomaji atacheka aseme: kumbe ni hiyo tu! Lakini ongeza barafu ya milima mingine ya dunia, ongeza joto la maji, na miaka iliyotangulia. Kutoka mwaka 1901 mpaka 2018 bahari ilipanda sentimita 20. Tena mwendo wenyewe unaongezeka. Kati ya 1901 na 1971 ilikuwa ikipanda milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajazwa kwa haraka kuliko zamani.

Sentimita 20 inaleta shida gani? Kumbuka bahari haitulii. Ina kupwa na kujaa, ina bamvua, ina dhoruba. Mtu aliye pwani hadhuriwi na kimo cha kawaida cha maji. Anadhuriwi na siku ile moja ambapo bamvua na upepo mkali vinakutana. Bahari iliyopanda ni kama mwizi aliyepewa kiti cha kusimamia. Ukuta ni ule ule, lakini sasa mkono wake unafika ndani. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa hali ya hewa, ambalo liliundwa mwaka 1988, lilisema katika ripoti ya mwaka 2019 kwamba mafuriko ya bahari yaliyokuwa yakitokea mara moja kwa miaka mia, kufikia mwaka 2050 yatakuwa yakitokea kila mwaka katika sehemu nyingi za dunia.

KWA NINI INAYEYUKA?

Dunia imevaa blanketi ya hewa. Ndani ya hewa hiyo kuna kaboni dayoksaidi, ile gesi inayotoka tunapochoma kuni, makaa ya mawe, petroli na dizeli. Gesi hiyo huzuia joto lisitoke. Bila blanketi hiyo tungeganda sote, kwa hivyo yenyewe si mbaya. Shida ni kuongeza blanketi juu ya blanketi wakati mtu tayari anatoka jasho. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, gesi hii ilikuwa kama sehemu 280. Sasa imepita 420.

Tunajuaje ya zamani hizo wakati hakuna aliyekuwepo kupima? Barafu yenyewe ndiyo ilitunza kumbukumbu. Theluji ilipokuwa ikikandamizwa, vipovu vidogo vya hewa vilifungiwa ndani. Watafiti walitoboa barafu ya Antaktika wakatoa nguzo ndefu, kama mtu anavyochimba kisima cha bomba, wakapima hewa iliyomo. Katika barafu ya miaka 800,000 hawakukuta hata mara moja kiasi cha kaboni kama cha leo.

Hapa tuondoe mkanganyiko mmoja. Wengi huchanganya jambo hili na ule mwanya katika tabaka la ozoni, uliogunduliwa juu ya Antaktika mwaka 1985. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Mwanya wa ozoni uliletwa na gesi zilizotumika kwenye friji na mikebe ya kupuliza. Mataifa yalikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kuziacha gesi hizo, na tabaka hilo sasa linapona polepole. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba dunia ikikubaliana inaweza kujirekebisha.

Na ile barafu inayoelea, je, haina madhara ikiisha? Inayo, ila kwa njia nyingine. Fikiria nyumba mbili, moja ina mabati mapya yanayong'aa, nyingine mabati meusi ya kutu. Mchana wa jua kali, utapumzika katika ipi? Barafu nyeupe ni kama mabati mapya, hurudisha mwanga wa jua angani. Bahari isiyo na barafu ni nyeusi na humeza joto karibu lote. Joto hilo huyeyusha barafu nyingine, bahari nyeusi inapanuka, joto linazidi. Ndiyo sababu tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto karibu mara nne kwa kasi kuliko dunia kwa jumla. Mwezi wa Septemba 2012 barafu ya bahari hiyo ilipungua mpaka kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, kiasi cha chini kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979.

KIZIBO CHA CHUPA

Kuna jambo moja linalowanyima wataalamu usingizi kuliko mengine. Barafu ya Antaktika hutiririka polepole kuelekea baharini, kama uji mzito. Ikifika ufuoni hutandaza ubao mpana unaoelea juu ya maji. Ubao huo, kwa kuwa unaelea, ukivunjika hauinui bahari. Lakini huwa umeizuia barafu iliyo nyuma yake, kama kizibo kwenye chupa iliyolazwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2002 ubao mmoja unaoitwa Larsen B ulisambaratika. Eneo la kilomita za mraba 3,250 lilivunjika vipande kwa muda wa kama wiki tano hivi, baada ya kudumu maelfu ya miaka. Baadaye mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ikaongeza mwendo kuelekea baharini. Kizibo kilikuwa kimetoka.

Kuna mto mwingine wa barafu, mkubwa zaidi, unaitwa Thwaites. Eneo lake ni kama theluthi moja ya Kenya. Umekaa juu ya mwamba ulio chini ya kimo cha bahari, na maji yenye vuguvugu yanaula kutoka chini. Ukiisha wote, wenyewe peke yake utainua bahari kwa sentimita 65. Hilo haliwezi kutokea kwa usiku mmoja. Barafu kubwa namna hii ni kama lori lililosheheni mahindi likishuka mteremko: huchelewa kuanza, lakini likishaanza, kukanyaga breki hakulisimamishi hapo hapo.

Je, dunia yote itafunikwa? La. Barafu yote ya Greenland ikiisha, bahari itapanda mita 7 hivi. Ya Antaktika yote ni mita 58 hivi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Tena kuyeyuka kwa yote kungechukua maelfu ya miaka. Lakini hesabu ya karne hii ndiyo ya kuangaliwa. Lile jopo la wanasayansi lilisema mwaka 2021 kwamba kufikia mwaka 2100 bahari itakuwa imepanda kama nusu mita au chini ya hapo ikiwa dunia itapunguza hewa chafu upesi, na inaweza kufika mita moja ikiwa uchomaji utaendelea kuongezeka. Walionya pia kwamba barafu ikivunjika kwa haraka kuliko wanavyotarajia, hesabu inaweza kuzidi hapo. Mtoto anayezaliwa katika kijiji chako mwaka huu anaweza kuufikia mwaka huo.

NANI ATAUMIA KWANZA?

Zaidi ya watu milioni 600 duniani wanakaa katika nchi za pwani zilizo chini ya mita 10 kutoka usawa wa bahari. Lakini hawataumia sawasawa.

Tazama Uholanzi. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ilivunja kingo za bahari na watu zaidi ya 1,800 wakafa. Nchi hiyo ikaamua kujenga. Kwa zaidi ya miaka 40 ilijenga kuta na milango mikubwa ya kuzuia bahari. Ilikuwa na pesa na wahandisi wake.

Sasa tazama Maldives, visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo sehemu kubwa ya ardhi yake haifiki hata mita moja juu ya maji. Mwezi wa Oktoba 2009 Rais Mohamed Nasheed na mawaziri wake walivaa mitungi ya hewa, wakafanya mkutano wa baraza chini ya bahari ili dunia iwaangalie. Na Tuvalu, nchi ya watu kama 10,000 katika Bahari ya Pasifiki, ilitia sahihi mkataba na Australia mwaka 2023. Kwa mkataba huo, watu 280 wa Tuvalu wanaweza kuhamia Australia kila mwaka. Fikiria wazee wa nchi nzima wakikaa kujadili watahamishia wapi watoto wao, na makaburi wamwachie nani.

Bangladesh ni maskini na tambarare, na chumvi ya bahari imeingia katika mashamba mengi ya mpunga na visima vya pwani. Lakini nchi hiyo ina somo kwetu. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Baada ya hapo watu walijipanga: wakajenga majengo ya kukimbilia, wakafundisha wanakijiji wa kujitolea kupita na vipaza sauti wakionya nyumba hadi nyumba. Kimbunga kikubwa cha Amphan kilipofika Mei 2020, waliokufa Bangladesh hawakufika 100. Bahari haikupungua nguvu. Watu ndio walijipanga.

Pwani yetu nayo imo. Mombasa mjini ni kisiwa. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambapo maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi. Bahari ikipanda, au watu wakivuta maji kupita kiasi, chumvi husogea. Kisima kikishaingia chumvi, kukisafisha ni kazi. Tena mwamba wa matumbawe uliojengea nyumba za zamani za pwani ni ushahidi wenyewe: ulikuwa matumbawe hai chini ya maji, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari iliposimama juu kuliko leo.

NA SISI WA BARA?

Mbolea, mafuta ya taa, dizeli ya posho mill, dawa za hospitali: vingi vinaingia kupitia bandari ya Mombasa. Hata Uganda, Rwanda na Sudan Kusini wanaitegemea. Bandari ikisumbuliwa na bahari, bei inapanda dukani kwako, hata kama uko Kitui au Bungoma. Mchele mwingi unaouzwa nchini hutoka Asia, na mpunga mwingi wa huko unalimwa kwenye nyanda za mito zilizo karibu na bahari, ambako chumvi inaingia.

Lakini tuwe wakweli pia. Si kila ukame na kila mafuriko yetu ni kazi ya barafu ya ncha za dunia. Mvua zetu zinaongozwa zaidi na joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, kama tulivyoona wakati wa El Niño mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Joto linaloyeyusha barafu ndilo hilo hilo linalopasha bahari hizo. Ni mama mmoja mwenye watoto wengi. Mtu akija kwa kikundi akisema mahindi yenu yamekauka kwa sababu ya Greenland, mwambieni aeleze vizuri.

TUFANYE NINI?

Tusidanganyane. Jiko la kuni kidogo la kikundi chetu halitazuia barafu ya Antaktika. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya kaboni yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Siku hizi China ndiyo inayotoa nyingi zaidi kila mwaka. Afrika nzima kwa miaka hiyo yote ni kama asilimia 3. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwa hivyo mzigo wa kupunguza ni wa wale walioujaza, na tuna haki ya kusema hivyo bila kuona haya. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kusaidia nchi zinazopata hasara. Kukubali ni jambo moja, kutoa ni jingine.

Hata hivyo kuna mambo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, yale yanayotufaa sisi wenyewe hata kama barafu isingeyeyuka: miti, matuta ya kuzuia mmomonyoko, matangi ya maji ya mvua, majiko yanayookoa kuni na macho ya akina mama. Tuyafanye kwa faida yake ya hapa nyumbani.

Pili, vikundi vya pwani vitazame Gazi, kule Kwale. Wanakijiji wa huko wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda na kupanda mikoko, ambayo huzuia mawimbi, huzaa samaki na kuhifadhi kaboni kwenye matope. Tangu mwaka 2013 wameuza hifadhi hiyo ya kaboni, na pesa zimesaidia maji na shule. Ni watu wa kawaida, wenye kamati na mweka hazina kama nyinyi.

Tatu, tuulize. Kenya ina sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016, na sheria hiyo inataka wananchi wahusishwe. Kaunti nyingi zimeunda kamati za wadi za kupanga miradi ya hali ya hewa. Je, mnamjua aliyeketi hapo kwa niaba yenu? Pesa zikija na kikundi hakina habari, kisima kitachimbwa kwa boma la mtu mwenye sauti kubwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Uholanzi iliweza kujenga ukuta wake. Tuvalu haiwezi, na sisi pia hatuna pesa hizo. Ndiyo maana tofauti kati ya nusu mita na mita moja si hesabu ya wasomi tu. Tofauti hiyo bado haijaamuliwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Fanyeni jaribio la gilasi mbili. Mjumbe aliye kimya kuliko wote ndiye aeleze alichoona.

2. Orodhesheni vitu vitano mnavyotumia kila wiki ambavyo vinapitia bandari ya Mombasa. Vikikosekana mwezi mmoja, mtafanya nini?

3. Je, kuna mwanakikundi mwenye jamaa pwani? Wazee wa huko wanasema ufuo ulikuwa wapi walipokuwa watoto? Visima vyao vina chumvi kuliko zamani?

4. Nani anaketi katika kamati ya wadi yenu ya hali ya hewa? Kama hamjui, chagueni watu wawili waende ofisi ya wadi kuuliza, na walete jibu mkutano ujao.